Kahawa ya Zege na mipaka ya kaya zetu

Hotuba iliyotolewa mbele ya wazee wa kaya, walimu na vijana, Kaunti ya Kilifi

Wazee wetu wa kaya, shikamooni. Mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma karibu na mlango, nawasalimu nyote. Assalaam alaikum kwa ndugu zetu Waislamu, na Bwana asifiwe kwa ndugu zetu Wakristo.

Nimeombwa nizungumze juu ya kaya, misitu yetu mitakatifu sisi Mijikenda, nami nitaanzia mbali kidogo, Ethiopia, kwenye rasi ya Zege. Naomba mnivumilie. Huko ndiko nilikoliona jambo ambalo hunirudia kila nipitapo kando ya kaya asubuhi nikakuta kisiki kibichi ambacho jana hakikuwapo.

Mwaka 2018 nilikuwa mwalimu wa kujitolea Bahir Dar, mji mkuu wa jimbo la Amhara, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Tana. Kazi yangu ilikuwa kukaa na walimu wa shule za msingi na kutafuta nao namna ya kufundisha darasa la watoto wengi wenye vitabu vichache. Mwalimu yeyote wa Ganze au Magarini anaijua kazi hiyo. Mwisho wa wiki moja, mimi na walimu wenzangu wawili wa kujitolea tukachanga pesa, tukakodi boti ya injini, tukaenda kuzitazama monasteri za ziwani.

Ziwa Tana ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya Ethiopia, kama kilomita za mraba 3,000, nalo liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo unapotoka mto Nile ya Buluu, ambao huenda Khartoum kukutana na Nile Nyeupe inayotoka kwenye Ziwa Victoria. Hata taabu ya maji hayo tunaijua: tangu mwaka 2011 magugu maji yameingia Tana, yaleyale ambayo wavuvi wa Kisumu wamepigana nayo miaka na miaka. Na saa zao ni saa zetu. Mwenye boti alituambia tufike gatini saa moja na nusu asubuhi. Wenzangu, waliotoka Ulaya, wakaanza kujumlisha na kutoa. Mimi sikuhesabu chochote, kwa sababu Waethiopia huianza siku jua linapochomoza, kama tufanyavyo sisi. Mambo madogo kama hayo humfanya mtu ajione yuko kwa jirani, hata kama lugha ya sokoni haielewi.

Njiani tulipishana na tankwa, vyombo vyembamba vinavyofungwa kwa mafunjo ya ziwani. Wanaosifika kwa kuviunda ni Waweyto, jamii ndogo ya kando ya ziwa, wengi wao Waislamu. Kwenye tankwa moja kulikuwa na kuni zimepangwa mpaka usawa wa kifua cha mpiga kasia, zinakwenda mjini. Zikumbukeni kuni hizo, nitazirudia.

Sasa niwaambie kwa nini Zege ilinishtua. Kutoka Addis Ababa hadi Bahir Dar kwa barabara ni zaidi ya kilomita 500, na sehemu kubwa ya safari unatazama mashamba ya teff, ile nafaka yao ndogo, na ya ngano yaliyolimwa mpaka kwenye miamba. Miti mingi unayoiona ni mikaratusi. Msitu wa asili wa nyanda za juu za kaskazini umekwisha karibu wote kwa jembe, kwa mifugo na kwa kuni. Macho yakishazoea uwazi ule, boti inakaribia rasi ya Zege, na unaona kijani kizito kinateremka mlimani mpaka kugusa maji.

Tukashuka, tukapanda njia ya udongo na mawe. Pande zote mbili ni mibuni, lakini haikupandwa kwa mistari juani. Iko chini ya miti mirefu, matawi yake membamba yanatafuta mwanga, tumbili wako juu, hondohondo wanapiga kelele zao. Buni zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu. Mtoto mmoja alichuma moja, akaibinya, akanionyesha zile mbegu mbili na utelezi wake, kama kwamba mimi sijawahi kuona kahawa. Nikafurahi.

Mwisho wa njia ni monasteri ya Ura Kidane Mehret. Ni ya Kanisa la Orthodoksi la Tewahedo, kanisa ambalo mizizi yake ni karne ya nne, enzi za mfalme Ezana wa Aksum, wakati Frumentius alipowekwa kuwa askofu wa kwanza na Athanasius wa Alexandria. Nasema hivi kwa sababu wako vijana wetu wanaodhani Ukristo ulikuja Afrika Mashariki pamoja na mmisionari Krapf pale Rabai. Jirani zetu walikuwa nao kwa karibu miaka elfu moja na mia tano kabla yake.

Kanisa lenyewe ni la duara, msonge mkubwa, na kwenye kilele cha paa pana msalaba wenye mayai ya mbuni. Viatu huvuliwa nje. Mwanamke hujifunika netela, kitambaa cheupe cha pamba. Wazee, nilipokuwa nainama kuvua viatu niliwakumbuka nyinyi, kwa sababu kwetu pia viatu hubaki nje ya kaya, na mwanamke huvaa kaniki. Huko nyeupe, kwetu nyeusi, lakini heshima ni moja.

Ndani mna duara tatu. Ya nje ni ya waimbaji, wenye fimbo za kuegemea, ngoma na njuga za mkononi. Ya pili ni ya wanaopokea komunyo. Ya tatu, katikati kabisa, ndimo inamokaa tabot, kibao kitakatifu kinachokumbusha mbao za sheria za Musa, na humo huingia makasisi peke yao. Kuta za chumba hicho cha ndani zimejaa picha kutoka chini mpaka juu, zilizochorwa kwenye kitambaa cha pamba kilichogandishwa ukutani. Kasisi mzee alitushika mkono kama watoto na kutuonyesha jinsi ya kuzisoma. Mtu mwema huchorwa uso mzima na macho yake mawili. Mtu mbaya huchorwa upande, jicho moja tu. Mtoto asiyejua hata herufi moja ya Ge'ez, lugha ya kale ya kanisa lao, anaingia kanisani na kujua nani ni nani.

Picha iliyonishika ni ya Belai. Huyu, kwa masimulizi yao, alikuwa mla watu, na hata wa nyumbani kwake hawakusalimika. Siku moja akakutana na mwenye ukoma aliyekuwa akifa kwa kiu. Akamnyima maji. Yule akaomba kwa jina la Mariamu, na Belai akampa maji kidogo tu. Siku ya hukumu mizani ikaelemea upande wa watu aliowala, mpaka Mariamu aliposimama upande wa yale maji. Nilisimama pale muda mrefu. Kulikuwa na mama mmoja na binti zake wawili, akiwasimulia kwa kidole, picha kwa picha, na mdogo akiuliza maswali. Hivyo ndivyo sheria ya mahali inavyohamia kwa mtoto: kwa kupelekwa pale, kwa kuonyeshwa, na kwa kuachwa aulize. Sisi tuna watoto wa Mtwapa na Kilifi mjini ambao wamefika darasa la nane na hawajawahi kusimama hata kwenye mpaka wa kaya ya babu zao.

Nirudi kwenye msitu. Wenyeji wa Zege wanasema monasteri zao zilianzishwa na mtakatifu Betre Maryam, na kwamba yeye aliwawekea agano: wasilime kwa plau, wasifuge ng'ombe, na Mungu atawalisha. Mpaka nilipokuwa huko, plau ilikuwa haipandi rasi ile. Nafaka wananunua mjini. Wao wanauza kahawa, wanauza ndimu, wanauza majani ya gesho yanayotiwa kwenye pombe za kienyeji kama vile sisi tunavyojua kazi ya ndonga na mnazi. Msitu umesimama kwa sababu ya mtakatifu, ni kweli. Lakini pia umesimama kwa sababu kila mbuni una mwenyewe, na mwenyewe anajua kwamba mti mkubwa ulio juu ya mbuni wake ukikatwa, kahawa yake itaungua. Imani na sufuria ya jioni zinavuta upande mmoja.

Hili ndilo nililokuja kulisema leo. Tumezoea kusema kaya zinaisha kwa sababu vijana hawaogopi tena. Tunalaumu shule, tunalaumu makanisa, tunalaumu simu. Mimi naona Zege inatufundisha kwamba hofu peke yake haijawahi kulinda msitu. Na ushahidi ni zile kuni nilizowaambia mzikumbuke. Zilitoka Zege kwenyewe. Bei ya kahawa ikianguka, mtu mwenye watoto, asiye na shamba la nafaka, hana budi kuutazama mti upya. Anaamini agano kama alivyoamini baba yake, anafunga Jumatano na Ijumaa, na bado tankwa yake inavuka ziwa na kuni. Hakuacha dini, ila kahawa iliacha kumlisha.

Nisiipambe Zege kupita kiasi. Zamani kazi nyingi kwenye kahawa ile ilifanywa na watumwa, na watu wa huko wanajua nani ametokana na nani. Sisi wa Malindi na Mambrui, ambako mashamba ya mtama yalilimwa kwa mikono ya watumwa, hatuna mahali pa kusimama tuwahukumu. Lakini tuseme ukweli: kivuli kile kizuri kililipiwa na watu ambao hawakuulizwa.

Jumapili tulipita kisiwa cha Kebran Gabriel, karibu na Bahir Dar. Huko mwanamke haruhusiwi kupanda hadi kanisani. Mwenzetu mwanamume alipanda kwenda kutazama vitabu, maana kisiwa kile kinasifika kwa vitabu vyake vya kale vya ngozi. Visiwa vya Tana vilikuwa mahali pa kufichia hazina za makanisa wakati wa vita vya karne ya 16, vita ambavyo Wareno waliingia kumsaidia mfalme wa Ethiopia, wakiongozwa na Cristóvão da Gama. Huyo ni mtoto wa Vasco da Gama, yule mnayemjua kwa nguzo yake pale Malindi. Mimi na mwenzangu mwanamke tulibaki ufuoni na mwenye boti.

Sikulipenda jambo hilo, na leo pia silipendi. Nililiheshimu kwa sababu nilikuwa mgeni. Lakini nikiwa nimekaa pale niliwaza juu ya Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913, Waingereza walipotaka kodi na vijana wa kazi, ni mwanamke aliyewakusanya Wagiriama Kaya Fungo na kuwaapisha, wanaume na wanawake, wasikubali. Waingereza walimkamata na kumpeleka mbali, Kisii, naye akatoroka na kurudi kwa miguu. Mwaka 1914 wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Hawakulipua msitu kwa sababu ya miti. Waliijua nguvu ya mahali pale, na walimjua aliyeiamsha. Kwa hiyo, wazee, tunapokaa kupanga ulinzi wa kaya na kwenye mkutano mzima kuna mwanamke mmoja wa kuandika kumbukumbu, tunakwenda kinyume na historia yetu wenyewe. Anayetafuta kuni kila siku ni mama. Ukimweka nje ya mazungumzo, umemweka nje mtu anayejua ni njia ipi inaingia msituni na ni nani anayeipita usiku.

Jambo la mwisho nililolipata Ethiopia sikuliona Zege. Nilisimuliwa na walimu wa Gondar Kusini, upande wa pili wa ziwa, na baadaye nikalifuatilia. Huko kila kanisa la kijijini lina kipande chake cha msitu, mitarakwa na mizeituni mwitu na miti mingine ya asili, kimezunguka kanisa, na nje ya hapo ni shamba tupu. Ukitazama picha zilizopigwa kutoka angani, ni madoa ya kijani kwenye nchi ya kahawia. Mwanasayansi wa misitu Alemayehu Wassie, mtu wa eneo hilohilo, aliyachunguza madoa hayo na kukuta kwamba miti mikubwa ipo, lakini miche haipo. Ng'ombe na mbuzi wanaingia, wanakula kila kinachochipua. Msitu unazeeka bila watoto. Na kila msimu plau inausogelea kwa hatua chache, bila mtu yeyote kukusudia kuumaliza.

Yeye na wenzake, akiwamo mtafiti wa Kimarekani Margaret Lowman, walikwenda kwa makasisi, na makasisi wakaja na jibu la wakulima: ukuta wa mawe. Sio seng'enge ya kununua, ambayo huibwa. Mawe yaliyokuwa yakiwasumbua mashambani yakaokotwa, yakapangwa bila saruji kuzunguka msitu, na geti likawekwa. Mkulima akapata shamba lisilovunja plau, kanisa likapata mpaka ambao kila mtu anauona. Ndani ya ukuta miche ikaanza kusimama. Wengine wakaujenga ukuta nje kidogo ya ukingo wa msitu, ili msitu upate mahali pa kukulia.

Sasa nije kwetu. Mwaka 2008 kaya za Mijikenda ziliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, misitu iliyotawanyika kwenye kama kilomita 200 za pwani. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini orodha haimzuii mbuzi, na cheti kilicho Nairobi hakimwonyeshi mwenye lori la mchanga mahali kaya inapoanzia. Nendeni mkaulize vijana wa hapa mpaka uko wapi. Mmoja atakuambia kwenye mbuyu, mwingine kwenye njia, wa tatu atakuambia pale babu yake aliposema, na babu amekwisha kufa. Mtu akikata mti mahali ambapo hakuna alama, tutamwapiza kwa kosa gani?

Sisemi tupande kahawa kayani. Mwiko wetu ni mkali kuliko wa Zege: kwetu hata kijiti kikavu hakitoki, na uendelee kuwa hivyo. Ninachosema ni kwamba nje ya mpaka, hapo hapo kandokando, pawe na kitu kinachomlisha jirani wa kaya kwa sababu kaya ipo. Tuna mfano wetu na hatuhitaji kuuagiza. Pale Gede, tangu 1993, mradi wa Kipepeo umewafanya wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wafuge vipepeo na kuuza pupa zake, yaani mabuu yaliyokwisha kujifunga kabla ya kugeuka vipepeo, nje ya nchi. Vipepeo wazazi wanatoka msituni. Msitu ukienda, biashara imekwenda. Kaya Kinondo, kule Kwale, wageni wanatembezwa kwa utaratibu wa wazee, wamevaa kaniki, na pesa inarudi kijijini. Mizinga ya nyuki kandokando ya kaya zetu inawezekana. Mama mwenye mizinga hatanyamaza akisikia shoka.

Nikiwafikiria watu wa Zege moyo unauma kidogo. Tangu 2023 Amhara ina vita, na walimu niliofanya kazi nao wengine sijui wanafundisha wapi. Sisi tuna amani, tuna wazee hai wanaokumbuka, na tuna vijana hapa ukumbini. Hatuna sababu ya kusubiri.

Wazee wangu wa kaya, ombi langu ni hili. Naomba mtembee mpaka wote pamoja na sisi, walimu, vijana na kina mama, na mtuonyeshe pa kuweka alama, mti kwa mti. Palipo na mawe tutapanga mawe. Pasipo na mawe tutapanda minyaa, ambayo kila mtu hapa ameiona ikizunguka boma la bibi yake na haihitaji mtu kuimwagilia. Hushika vizuri ikiwekwa mvua zinapoanza, kwa hiyo tukitaka kuwahi masika tunahitaji kukata vipando mwezi huu. Watoto wa shule yangu wako tayari kuvibeba, na wazazi wao wameshaniambia watakuja. Hakuna atakayeingia ndani, na hakuna atakayegusa kitu bila nyinyi kuwapo. Mkituruhusu, tungependa kuanzia upande wa barabara, ambako malori yanapita, na naomba tupate jibu leo kabla ya watu kutawanyika.